Shajara ya giza: mwaka mmoja wa kuzivisha kofia taa za mtaa

30 Januari 2025: kipimo cha kwanza kimeharibika

Tumeanza. Lengo ni dogo na linapimika: kupunguza mwanga unaopotea juu na pembeni kutoka kwenye taa za nje za mtaa mmoja. Nitaandika kila hatua hapa ili atakayeiga asirudie makosa yetu. Tuko watu watano na kipima giza kimoja cha kuazima, kile kijisanduku cha mfukoni kinachoitwa Sky Quality Meter. Unakielekeza utosini mwa anga, unabonyeza, kinakupa namba. Namba ikipanda, giza limekolea. Anga lisiloguswa na taa hukaribia 22, na katikati ya jiji kubwa hushuka hadi 17 au 18. Tofauti ya namba moja ni mwanga mara mbili na nusu. Tofauti ya namba tano ni mara mia.

Kilichonisukuma ni utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2023. Christopher Kyba na wenzake walichambua taarifa zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho kati ya 2011 na 2022 kupitia mradi wa Globe at Night. Walikuta anga linazidi kung'aa kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Mfano wao haunitoki kichwani: mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 atakuwa amebaki na kama 100 tu.

Sasa kipimo chenyewe. Tulipata 18.92, kisha 19.60, kisha 20.07, yote ndani ya saa moja, tukafurahi tukidhani majirani wanazima taa. Si taa, lilikuwa jua. Hata baada ya kuzama, jua huendelea kuliangaza anga mpaka lishuke nyuzi 18 chini ya upeo, na hilo huchukua saa moja na zaidi kulingana na mahali na msimu. Tulipima mapema mno.

Halafu tulisimama hatua nne kutoka kwenye ukuta mweupe uliomulikwa na taa. Kipima giza chetu ni kile kisicho na lenzi, kinachokusanya mwanga wa eneo pana la anga, kwa hiyo ukuta nao uliingia kwenye hesabu. Na aliyeandika namba alitumia simu yenye kioo kinachowaka kwa nguvu zote. Vipimo vyote vimefutwa. Mwezi mwandamo umekwisha kuonekana na siku chache zijazo utaharibu kila kitu, hivyo tunasubiri. Gharama ya kutokusoma maelekezo: mwezi mzima.

26 Februari 2025: msingi umepatikana

Usiku wa leo hauna mwezi, hauna wingu. Tulisimama katikati ya kiwanja kilicho wazi, mbali na ukuta wowote, saa tatu kamili usiku. Kipima giza kiliachwa nje nusu saa kipoe kulingana na hewa. Vipimo sita, cha kwanza tumekitupa, vitano vilivyobaki vimetupa wastani wa 20.31. Taarifa ziliandikwa kwa penseli chini ya tochi tuliyoifunga karatasi nyekundu ya plastiki.

Tukaongeza vipimo viwili visivyohitaji kifaa, na nawashauri wengine wasiviache. Kwanza, kwa kutumia ramani za Globe at Night tulilinganisha kundi la nyota la Jabari (Orion) na kile macho yanachoona: tuko kwenye ramani ya nne. Namba ya ramani ikipanda, nyota zinazoonekana ni nyingi zaidi. Pili, tuligeuka polepole mahali pamoja tukihesabu kila taa ambayo balbu yake inaonekana wazi, ile inayokuchoma jicho. Tukapata 38. Kilimia, kile kishada cha nyota, nilikiona kama wingu dogo lenye nyota nne.

15 Machi 2025: kuhesabu taa

Hii imekwenda upesi kuliko nilivyotarajia. Usiku mara mbili, mchana mara moja, daftari moja. Taa za nje ni 47: za nyumba 33, za barabarani 9, na 5 ni mulika mwizi za ghala lililo mwisho wa mtaa.

Kwa kila taa tuliuliza maswali tuliyoyachota kwenye kanuni tano zilizotolewa mwaka 2020 na shirika la kutetea giza la usiku, linaloitwa sasa DarkSky International, pamoja na chama cha wahandisi wa taa cha Illuminating Engineering Society. Taa ina kazi gani? Inaangaza panapotakiwa tu? Mwanga umezidi kiasi? Inawaka saa inayohitajika tu? Rangi yake ni ya joto, yaani ya manjano, au ya baridi, yaani nyeupe yenye ubuluu?

Swali la kwanza peke yake limetupa faida kubwa. Taa nane hazikuwa na kazi yoyote, na wenyewe walikubali hivyo. Moja ilikuwa nyuma ya stoo, ikimulika ukuta wa jirani tangu enzi za mpangaji aliyekwisha kuhama. Mama mwenye nyumba alidhani ni ya jirani; jirani alidhani ni ya mama. Zote nane zimetolewa balbu. Gharama: hakuna. Anayeanza mradi kama huu aanzie hapa, kabla hajanunua hata msumari.

12 Aprili 2025: kofia za kwanza

Kofia ni ganda linaloizunguka balbu ili mwanga ushuke chini tu. Tulitumia makopo matupu ya rangi ya lita nne. Unatoboa kitako, unapitisha holda, unaning'iniza mdomo ukitazama chini. Tumefunga 11 kwa siku moja, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na fundi umeme akikagua kila waya. Usiku watu walitoka kutazama. Duara la mwanga liko mlangoni, na juu ya paa ni giza.

Kuna kasoro moja tayari. Ndani ya kopo mnang'aa, na mwanga unagonga upande mmoja na kutokea wa pili kama kioo cha kujitazamia. Nyumba yenye ghorofa ng'ambo ya njia inapata mstari mkali dirishani ambao haikuwa nao. Tumeomba radhi, tutarekebisha.

4 Mei 2025: balbu nne zimekufa

Nataka niliandike hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililotugharimu zaidi.

Wiki tatu baada ya kufunga kofia, balbu nne za LED kati ya 11 zimezima. Mbili zilianza kupepesa kwanza. Nilipopanda ngazi nikagusa shingo ya balbu iliyokuwa bado inawaka, niliutoa mkono haraka. Balbu ya LED haina uzi unaowaka, watu hudhani haina joto. Joto ipo, imejificha shingoni, palipo na kisaketi kinachobadili umeme. Kwenye hewa wazi hupoa yenyewe. Sisi tuliifungia ndani ya kopo lililoziba juu, na hewa ya moto hupanda, kwa hiyo shingo ilikaa kwenye joto usiku kucha.

Suluhisho la kwanza: matundu juu ya kopo. Joto lilipungua, lakini mwanga ukatoka juu kupitia matundu yale yale, yaani tumefanya kinyume cha tulichokusudia. Pia maji yaliingia kwenye holda moja. Hiyo ni hatari na tuliizima papo hapo.

Suluhisho la pili ndilo linalofanya kazi. Matundu yawe ubavuni karibu kabisa na kitako, siyo kitakoni. Juu yake funga mfuniko wa kopo pana zaidi, ulioachana na kofia kwa upana wa kidole, na kingo zake zikunjwe kushuka chini kupita usawa wa matundu. Hewa inatoka, mvua haiingii, mwanga unakwama. Balbu ikae juu ya mdomo wa kofia kwa vidole viwili, ili aliyesimama mbali asione balbu bali mwanga ulioanguka sakafuni. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa, ipigwe msasa kwanza la sivyo inabanduka kwa joto. Ule mstari wa dirishani umekwisha baada ya rangi hiyo.

Tumezirudia zote 11. Balbu nne tumezilipia sisi, siyo wenye nyumba. Kila kofia, ukitoa balbu, imetugharimu chini ya bei ya balbu moja, kwa kuwa makopo ni ya bure. Kinachokula ni muda, saa mbili kwa kila moja. Kagua pia nyigu. Wanapenda nafasi ile ya kidole kimoja, na kipande cha wavu mwembamba kinatosha kuwazuia.

8 Juni 2025: rangi ya mwanga

Kofia zimefika 19. Nyumba sita zimekataa, tunaheshimu.

Sasa rangi. Mwanga wenye ubuluu husambaa hewani kuliko wa manjano au mwekundu, kwa sababu ile ile inayofanya mchana anga liwe buluu. Ukilinganisha ubuluu wa LED ulio kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi na rangi ya chungwa ya nanomita 600, hewa safi husambaza ule wa kwanza mara tatu zaidi. Ndiyo maana taa nyeupe za baridi hujenga utando mpana juu ya mji. Tena ubuluu ndio hasa unaozuia mwili kutoa melatonini, homoni ya usingizi, wakati wa usiku. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, na namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano zaidi. Tuliamua kutumia Kelvini 2200 panapopatikana, na tusizidi 2700.

Makosa mawili. La kwanza: boksi moja liliandikwa mwanga wa joto, lakini balbu zilipowaka zilikuwa nyeupe kabisa. Tangu hapo tunapima kwa diski ya zamani ya muziki (CD). Iinamishe chini ya balbu usiku, utaona upinde wa rangi. Kwa balbu ya baridi, mstari wa buluu unasimama peke yake, mkali, kisha pengo la giza, kisha rangi nyingine. Kwa balbu ya manjano, mstari huo umefifia na nyekundu imetanda. Mtoto anaweza kufanya kipimo hiki, na muuzaji hawezi kubishana nacho.

La pili ni letu. Tulibadili rangi tukasahau nguvu. Kofia nyeusi ndani ilifanya sakafu ionekane hafifu siku ya kwanza, tukaweka balbu za lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Baada ya siku chache macho yakazoea, na kila mtu akasema ni nyingi mno. Kwa mlango wa kawaida lumeni 250 zinatosha. Hizo kubwa zimehamishiwa ndani ya nyumba, hakuna iliyopotea.

19 Julai 2025: sensa za mwendo

Taa sita zimefungwa sensa, yaani vifaa vinavyowasha taa vikihisi kitu kinachosogea. Wiki ya kwanza ilikuwa balaa: tawi likipepea, taa inawaka; paka akipita, inawaka; mtu akipita barabarani, inawaka na kuzima dirishani kwa mgonjwa aliyehitaji usingizi. Mwanga unaowaka na kuzima unasumbua kuliko uliotulia. Tumeshusha sensa zitazame chini, tumeziba nusu ya lenzi upande wa barabara kwa utepe mweusi, na muda wa kuwaka umetoka dakika kumi hadi moja. Sasa ziko sawa. Utepe unabanduka na jua, ubadilishwe kila baada ya miezi michache.

22 Agosti 2025: kipimo kilichotutisha

Saa tatu usiku, hakuna mwezi, kiwanja kile kile: 20.24. Baada ya kazi yote hiyo, anga linasomeka limeng'aa zaidi kuliko Februari. Mwenzetu mmoja alikaa chini kwenye majani bila kusema neno.

Ilituchukua siku mbili kuelewa. Mwezi wa Agosti saa tatu usiku, sehemu nene na angavu ya Njia ya Maziwa, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, iko juu ya vichwa. Februari saa ile ile ipo sehemu yake iliyofifia. Kipima giza hakijui kutenganisha nyota na taa, kinajumlisha vyote. Tumelinganisha anga mbili tofauti. Kipimo cha halali lazima kichukuliwe anga likiwa lile lile, maana yake tusubiri Februari. Nimeiacha namba hii humu makusudi, ili mwingine asiache mradi wake kwa sababu yake.

27 Septemba 2025: ghala

Mulika mwizi tano za ghala zilitoa mwanga kuliko taa zote za nyumba zikijumlishwa. Mwezi Aprili nilimwandikia msimamizi barua ya kurasa mbili yenye takwimu nyingi na, nikiisoma leo, lawama nyingi. Haikujibiwa, na ilistahili hivyo. Mtu anayelinda mali ya watu hawezi kuanza na habari za nyota.

Safari hii nilikwenda usiku kwa mlinzi. Nikamsalimu, tukazungumza, nikamwomba nisimame mahali fulani yeye abaki langoni.

"Mzee, unaniona?"

"Uko wapi, mwanangu?"

Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, chini kidogo ya taa, upande wa kivuli. Taa zilikuwa zimeinuliwa kutazama mbele, zikimpiga usoni. Nikamwambia aikinge taa kwa kiganja, kama mtu anayejikinga jua. Akakiweka kiganja, akanyamaza kidogo.

"Kumbe umesimama hapo muda wote! Hii taa ndiyo inanipofusha."

Kesho yake yeye mwenyewe alimweleza msimamizi. Fundi wao alizilaza taa zote tano hadi kioo kikatazama chini kabisa, na mbili zikaonekana hazihitajiki, zikazimwa. Kazi ya saa moja na ngazi. Hakuna kilichonunuliwa. Nimejifunza kumpeleka mtu asimame gizani ajionee, kuliko kumtumia karatasi.

15 Novemba 2025: taa za barabarani

Pigo. Taa tisa za barabarani zimebadilishwa bila sisi kujua, kutoka za zamani za rangi ya chungwa hadi LED nyeupe za Kelvini 4000. Umbo lake ni zuri, kioo ni bapa na hazimwagi mwanga juu moja kwa moja. Lakini zinaakisiwa na lami, na ule ubuluu sasa upo kila mahali.

Kuna jambo la kuangalia hapa kwa wanaotegemea picha za setilaiti. Kihisi cha VIIRS, kilichorushwa mwaka 2011 na ndicho kinachotumika sana kupima taa za usiku kutoka angani, hakioni mwanga ulio chini ya nanomita 500. Mji ukihama kutoka chungwa kwenda LED nyeupe, picha yake inaweza kuonyesha umepungua mwanga ilhali aliye chini anaona nyota chache zaidi. Usiichukue picha hiyo kama ushahidi wa mwisho.

Wahusika walitusikiliza. Balbu hawawezi kubadili mpaka zimalize muda wake. Walikubali kupunguza nguvu hadi nusu baada ya saa sita usiku, kwani taa hizi zina uwezo huo na ulikuwa haujawashwa tu. Kwa hiyo ukisikia taa zinabadilishwa kwenu, nenda kabla ya kununuliwa. Wiki moja kabla ina thamani kuliko mwaka mmoja baada.

17 Februari 2026: anga lile lile

Nyota huwahi kwa takribani dakika nne kila siku. Mwaka jana tulipima tarehe 26 saa tatu kamili. Leo tuko siku tisa nyuma, kwa hiyo tulingoja hadi saa tatu na dakika 36 ili utosini ziwe nyota zile zile. Mwezi haupo. Wastani wa vipimo vitano: 20.38.

Mwaka jana ilikuwa 20.31. Tofauti ya 0.07 iko ndani ya makosa ya kawaida ya kifaa, kwa hiyo sitaandika kwamba tumelitia giza anga. Hatujalitia. Mwanga mwingi wa utosini hapa unatoka mji mkubwa ulio nyuma ya upeo, na mwanga wa mji hupungua kwa umbali kwa kanuni iliyopewa jina la Walker: umbali ukiongezeka maradufu, mng'ao hupungua mara tano na zaidi, lakini mji mkubwa hata baada ya mgawanyo huo bado ni mkubwa. Hilo haliondoki kwa kofia za makopo, linahitaji mji wenyewe. Na miji inaweza. Flagstaff, Arizona, ilipitisha sheria ya kuzuia taa za kumulika angani mwaka 1958, na mwaka 2001 ikawa ya kwanza duniani kutambuliwa kuwa mji wa anga la giza, huku watu wakiendelea kuishi na kufanya biashara usiku.

Vile vipimo viwili vya bila kifaa, hata hivyo, vimesogea. Balbu zinazoonekana wazi kutoka kiwanjani zimetoka 38 hadi 9: zile sita za waliokataa na tatu za barabarani. Jabari sasa linalingana na ramani ya tano. Jicho huhitaji nusu saa kuzoea giza na hupoteza mazoea hayo kwa kutupiwa mara moja tu mwanga wa balbu kali. Mwaka jana hapakuwa na upande wa kugeukia bila kuchomwa, leo tulikaa saa nzima. Kilimia nilihesabu nyota sita, nikarudia mara tatu kuhakikisha.

Nyumba mbili kati ya zile sita zimeomba kofia. Makopo yapo, rangi nyeusi imebaki nusu, wavu wa nyigu umekwisha. Ngazi tumeazimwa mpaka Jumamosi tarehe 21, tutazifunga siku hiyo.